Waya Usio na Shaba

Tarehe 11 Januari 2022 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani baada ya minara ya umeme kuanguka kwenye njia itokayo Kiambere kwenda Embakasi, Nairobi. Serikali ilisema minara hiyo ilihujumiwa. Siku 9 baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu, hadi iliporuhusiwa tena mwezi Mei kwa masharti mapya.

Hatua hiyo ilistahili. Lakini wako wezi ambao marufuku haiwatibu, kwa sababu hawajui wanachokikata. Katika mitaa ya Nairobi na Mombasa, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye ukuta wa nyumba, hupita waya mwembamba, bapa. Huo ndio tawi la mwisho la mkongo, linaloingiza intaneti nyumbani. Mwizi huudhania kuwa shaba. Akiuchuna hukuta vijiti vyembamba vya kuupa nguvu, na katikati uzi wa kioo wenye unene wa sehemu 1 ya 8 ya milimita.

Uzi huo haupitishi umeme hata kidogo. Hupitisha mwanga, tena usioonekana kwa macho. Kwa hiyo askari anayeukuta umekatika asiichungulie ncha yake. Wala asiipande nguzo kwa kuwa waya ni wa kioo, maana mara nyingi nguzo hiyo hiyo hubeba umeme.

Waya huu huhudumia nyumba moja tu. Ule unaolisha kisanduku cha kugawia ni jambo jingine: uzi wake mmoja huweza kugawa mwanga kwa nyumba 32, pamoja na zahanati au kituo cha polisi kilicho jirani. Na kioo hakiungwi kwa koleo. Fundi huziyeyusha ncha mbili kwa cheche za mashine maalumu, na zikipishana kidogo tu, mwanga hupotea.

Mshitakiwa aliyekamatwa na bunda la waya huo atajitetea kuwa ni takataka, na kwa mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana jalada la polisi halina budi kuonyesha waya ulikatwa mahali gani, saa ngapi, na ni nyumba ngapi zilizokosa mawasiliano.