Sura ya Sita: Hofu Ikiwa Bado Changa

Kila Januari, watoto waliomaliza darasa la saba katika shule za msingi za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, huingia Kidato cha Kwanza na kukuta lugha ya masomo imegeuka. Kwa miaka saba wamejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Nyumbani wanazungumza Kimatengo kama wametoka milimani, au Kimpoto, Kimanda na Kinyasa kama wamekulia ukanda wa Ziwa Nyasa. Sasa baiolojia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeitwa asimame ajibu swali ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kulijua jibu, na kulitamka kwa lugha asiyoimudu huku darasa zima likimtazama. Akiteleza, kicheko cha wenzake humfikia kabla ya sauti ya mwalimu.

Wengi huzoea baada ya miezi michache. Wapo wachache wasiozoea, na sura hii ni yao.

Mabadiliko hayo ya lugha na shule yanamkuta mtoto katika umri mbaya. Tafiti zilizofanywa nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa hofu kali ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu, ile ambayo wataalamu huiita wasiwasi wa kijamii, mara nyingi huanza mtu akiwa na miaka 13 hivi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huwa yameshaanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Kwa hiyo hofu hii huota mizizi kati ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, katika miaka ambayo mtu mzima aliye karibu na mtoto kwa saa nyingi zaidi ni mwalimu.

Adabu ni kitu kingine

Mtoto wa Kimatengo au wa pwani ya ziwa aliyelelewa vizuri haangalii wakubwa usoni, hajibu kwa sauti ya juu, wala haingilii mazungumzo yao. Mwalimu mgeni anaweza kuiona heshima hiyo akadhani ni woga. Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi: mtoto aliyezidiwa na hofu husifiwa kuwa mpole, na hakuna anayemuuliza neno kwa miaka minne.

Namna ya kutofautisha ni kumtazama akiwa na rika lake. Mwenye adabu hunyamaza mbele ya mkuu wa shule, kisha hupiga kelele uwanjani kama wengine. Mwenye hofu hunyamaza hata huko. Hula peke yake, hukaa dawati la nyuma, huomba ruhusa ya kwenda chooni zamu yake ya kusoma inapokaribia, na siku ya mdahalo haonekani shuleni.

Utoro wa aina hii ni mgumu kuugundua huku Ruvuma, kwa kuwa mtoto ana sababu nyingi za kweli za kukosa shule. Kuanzia katikati ya mwaka kahawa ya milimani inahitaji mikono ya kuichuma. Huko Mbamba Bay na Liuli, usiku usio na mwezi ndio wakati wa kuvua dagaa kwa taa, na kijana aliyekesha ziwani hawezi kuwa macho darasani. Mwalimu anayeangalia daftari la mahudhurio anaona alama zilezile kwa wote. Inambidi aangalie pia ni siku zipi: kijana anayekosa kila siku ya kuzungumza mbele ya darasa, msimu wa kahawa uwepo au usiwepo, ana jambo linalomsumbua.

Hofu hulishwa na kukwepa

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kwa nini wasiwasi wa kijamii haupungui wenyewe hata kama mtu hukutana na watu kila siku. Anapotazamwa, mawazo yake yote humgeukia yeye mwenyewe: sauti inavyotetemeka, viganja vinavyotoka jasho, uso unavyopata moto. Anajichora akilini jinsi anavyoonekana, na picha hiyo huwa mbaya kuliko wanayoiona wenzake. Kisha hutafuta vijilango vya kutokea, kama kusema kwa sauti ya chini, kuinamia dawati, au kujibu kwa neno moja. Kila mara anapopona kwa njia hiyo, anaamini kwamba kujificha ndiko kulikomwokoa, na kesho yake hofu inakuwa kubwa zaidi.

Mwili wa kijana nao hushiriki. Afrika Mashariki ina kisa maarufu cha shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Hali hiyo iliwakumba wanafunzi 95 kati ya 159, walimu hata mmoja hakuguswa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari hawakupata ugonjwa wa kuambukiza wala sumu, na wachambuzi wa baadaye walikihusisha kisa hicho na shinikizo lililokuwa limewaelemea wasichana wale. Hadi leo, wanafunzi wanapoanguka kwa makundi shuleni, lawama hupewa mapepo. Mara chache mtu huuliza ni mtihani gani ulikuwa karibu, au ni kitu gani walikuwa wanakiogopa.

Mitihani haikosekani. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, humpima mtoto Darasa la Nne, Darasa la Saba, Kidato cha Pili, cha Nne na cha Sita. Asiyefikia kiwango Kidato cha Pili hurudia. Kwa familia inayotegemea kahawa au dagaa, karatasi ya Kidato cha Nne mwezi Novemba hubeba matumaini ya ukoo mzima, na mtoto anayajua hayo hata asipoambiwa.

Mwaka 1967 Robert Liebert na Larry Morris waliugawa wasiwasi wa mtihani katika sehemu mbili: msisimko wa mwili, na mawazo ya kuhangaika. Utafiti uliofuata umeonyesha mara nyingi kwamba mawazo ndiyo yanayoshusha alama zaidi. Moyo unaweza kwenda mbio na mtu akafaulu. Kichwa kilichojaa “nikifeli nitamwambia nini mama” hakina nafasi ya kutosha ya kushika hatua za swali la hesabu.

Hatua kwa hatua

Dawa kuu ya hofu hizi imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, huko New York, alimponya mtoto mdogo aliyeitwa Peter woga wa sungura kwa kumsogeza mnyama huyo karibu kidogo kidogo mtoto akiwa anakula. Mwaka 1958 daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliigeuza njia hiyo kuwa tiba yenye ngazi zilizopangwa: mtu huanza na jambo linalomtisha kidogo, hulirudia mpaka hofu ishuke, ndipo apande.

Katika shule ya kata, ngazi hizo zinaweza kupangwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Wiki ya kwanza mwanafunzi anamsomea rafiki mmoja sentensi tatu za Kiingereza. Akishazoea, anawasomea wenzake wanne. Halafu anamwuliza mwalimu swali moja akiwa ofisini, kisha anauliza swali hilohilo darasani. Baadaye anasimama ubaoni kwa dakika moja, na mwisho anasoma tangazo mstarini. Kabla ya kila hatua anaandika anachokiogopa: “nitasahau kila kitu, watacheka wote.” Baada ya hatua anaandika kilichotokea. Mara nyingi walicheka wawili, au hakucheka mtu, na sasa ana ushahidi wa mwandiko wake mwenyewe.

Wamatengo wana kilimo cha ngolo, ambacho hukinga miteremko mikali kwa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu. Maji ya mvua hushikwa huko juu, shimo kwa shimo, kabla hayajapata nguvu ya kuchimba korongo. Kumsaidia kijana Kidato cha Kwanza ni kazi ya namna hiyo: hatua ni ndogo na nguvu inayohitajika ni ndogo.

Swali linalobaki ni nani ataifanya kazi hiyo, maana wanasaikolojia na madaktari wa akili nchini ni wachache mno. Jibu zuri limetoka Kenya. Tom Osborn na wenzake walianzisha programu ya Shamiri, ambayo hufundishwa na vijana waliomaliza sekondari wakapewa mafunzo mafupi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopata Shamiri walikutana mara nne, saa moja kwa wiki, wakizungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika, shukrani, na mambo wanayoyathamini. Wenzao walifundishwa mbinu za kusoma. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na la Shamiri lilipata zaidi. Waliowaongoza walikuwa na miaka 17 hadi 21.

Vijana wa umri huo wapo Mbinga. Aliyemaliza Kidato cha Nne Novemba husubiri mpaka Julai ndipo aanze Kidato cha Tano. Wengine hukaa nyumbani baada ya Kidato cha Sita wakingoja chuo. Wanaijua njia aliyopita mdogo wao, wanazungumza lugha yake, na hofu ya Kiingereza wameionja wenyewe.

Kwa wasiwasi wa mtihani, mazoezi hubadilika kidogo. Mwanafunzi hufanya maswali ya miaka iliyopita kwa saa, akiwa amekaa peke yake, tena mara nyingi kabla ya mtihani wa moko, ili chumba cha mtihani kisiwe kigeni. Hujipima kwa kukumbuka badala ya kusoma daftari tena na tena. Hulala usiku wa kuamkia pepa. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti kuwa wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Majaribio mengine hayajapata matokeo hayo kila mara, lakini zoezi lenyewe linataka kalamu na karatasi tu.

Kumfundisha kila mtu utulivu kwa pamoja hakutoshi. Uingereza ilijaribu mazoezi ya utulivu wa akili kwa madarasa mazima, katika shule 85 zenye wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha nafuu zaidi kuliko masomo ya kawaida. Msaada unapaswa kumfikia kwanza mwenye dhiki, na umfanye atende.

Wakubwa nao wabadilike

Haitakuwa haki kumzoesha mtoto kuvumilia darasa ambalo kweli linatisha. Kanuni za serikali zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kukosea jibu hakumo. Mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walichapisha jaribio la shule za sekondari za serikali Tanzania: walimu waliofunzwa njia za kusimamia darasa bila ukatili walipunguza ukatili wa mikono na wa maneno miezi kadhaa baadaye. Mwalimu anayezima kicheko na kusema “rudia taratibu, tunakusikia” amefanya tiba bila kuiita tiba. Akiruhusu jibu lianze kwa Kiswahili kisha ligeuzwe kwa pamoja, amepunguza mzigo mmoja kati ya miwili. Baraza la Mitihani nalo lilipunguza shinikizo Januari 2023 lilipoacha kutangaza wanafunzi na shule bora.

Malawi, ng'ambo ya ziwa, ilishirikiana na Tanzania katika mradi uliotumia redio na mafunzo ya walimu kuelimisha vijana juu ya sonona. Kwa upande wetu mafunzo hayo yalifanyika Arusha, na yaliwaongezea walimu maarifa na kuwapunguzia unyanyapaa. Mwambao wa Nyasa, ambako redio husikika hadi kambi za wavuvi, unastahili kazi kama hiyo.

Wapo watakaohitaji zaidi ya mwalimu: aliyeacha shule kabisa, asiyelala, asiyekula, anayezungumzia kufa au anayejiumiza. Huyo apelekwe hospitali bila kungoja muhula uishe, iwe Litembo, Peramiho au hospitali ya rufaa Songea, na mzazi aende naye. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure. Shuleni pia abaki mwalimu mmoja anayeijua ngazi aliyofikia mwanafunzi huyo, ili akirudi mazoezi yaendelee pale yalipokomea.