Safari za Mashua Port Victoria: Ziwa Lisilo na Mwamba (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale Mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani, kusini mwa Port Victoria. Leo tuingie majini. Mkenya akitajiwa safari ya starehe kwa mashua, akili humkimbilia Wasini au Watamu: maji maangavu, kina kifupi, jahazi linateleza na abiria wanahesabu samaki chini. Picha hiyo ni ya kweli kule kule. Ikihamishiwa Bunyala, eneo la Port Victoria, inapotosha. Utulivu wa pwani hutokana na mahali, ilhali utulivu wa Ziwa Victoria hutokana na saa. Anayetaka kuanzisha safari za watalii hapa aitazame saa yake kwanza, injini atanunua baadaye.

Kinachotuliza maji ya pwani ni mwamba wa matumbawe. Wimbi la bahari kuu huvunjikia hapo, na ndani yake maji hubaki laini hata kusi likivuma. Ziwa halina ngao hiyo. Visiwa vya Mageta na Sigulu husaidia kidogo, lakini upepo wa kusini-magharibi ukishapata njia huja umepitia kilomita nyingi za maji wazi. Tena ziwa lenyewe ni kama sinia: limetandaa kilomita za mraba zipatazo 68,000, na wastani wa kina chake ni mita 40 tu, ilhali Tanganyika, lililo dogo kwa eneo, lina wastani wa mita 570 hivi. Wapo watakaosema kina kifupi ndiyo salama, kwani mtu akianguka hazami mbali. Hawajalifikiria wimbi. Likifika penye kina kifupi, mguu wake hukokotwa na sakafu ya ziwa, mwendo hupungua, mawimbi husongamana na vimo vyao hupanda hadi yajipindue. Mashua ya mbao hapo haipati nafasi ya kupanda na kushuka. Omo huchoma wimbi la pili kabla tezi haijatoka kwenye la kwanza.

Basi saa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa huteremka kuelekea ziwani. Ni upepo mwepesi ule ambao mabaharia wa pwani huuita umande. Alfajiri hadi katikati ya asubuhi, maji ya ghuba ya Port Victoria mara nyingi hulala kama mafuta kwenye kikaango. Jua likishapasha ardhi, mambo hugeuka: hewa huvutwa kutoka ziwani kuja bara, na kufikia alasiri mawimbi yamesimama. Hewa hiyo hiyo ikipanda vilima vya Kakamega na Nandi huzaa mawingu ya radi, ambayo jioni huweza kurudi ziwani na kishindo cha upepo wa ghafla. Mtu ataniuliza: mbona wavuvi wa omena hutoka usiku na taa zao, na wengi hurudi? Hurudi kwa sababu wanasoma wingu na wanajua lini wasitoke. Hata hivyo, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ziwa zima huua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka. Hesabu hiyo ni ya kukisia, maana wengi huzama pasipo karani wa kuwaandika, lakini hata nusu yake inatisha.

Kuhusu uangavu, tuseme ukweli: maji haya ni ya udongo. Mwaka 1927 mtafiti Worthington alipima na kuona kisahani cheupe kikionekana hadi mita saba hivi chini, mbali na ufuo. Rutuba ya mashambani na mwani vimeyatia ukungu tangu hapo, na Nzoia huongeza tope lake kila masika. Hasara yake si ya macho tu. Nahodha wa Watamu husoma kina kwa rangi ya maji. Wa Port Victoria rangi haimwambii kitu, ndiyo maana hushika upondo na kuchoma chini hadi ahakikishe propela haitakula mchanga au kunaswa na gugumaji.

Wala maji tulivu hayamsamehei mzembe. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kilichoiangusha ni wingi wa abiria na mizigo, si dhoruba. Kwa hiyo safari ya Kisiwa cha Sumba ipangwe hivi: abiria wahesabiwe ufuoni, kila mmoja akiwa amefunga jaketi la kuokolea, si kulikalia; utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa usomwe jana yake; mashua iondoke saa kumi na mbili asubuhi, na nahodha asisahau kwamba mpaka wa Uganda hauna ukuta majini. Saa tano, upepo ukianza kukunja uso wa ghuba, watalii wawe wameketi Port Victoria wakingojea ngege na ugali.