Simu ya mwalimu, somo la uwanjani: Video inavyosaidia kuwanoa walimu wa mazoezi ya viungo

Mnamo Agosti 26, 2015, jijini Beijing nchini Uchina, Julius Yego alirusha mkuki umbali wa mita 92.72 na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya riadha ya dunia katika michezo ya kurusha na kuruka. Kwa kukosa kocha wa mkuki nyumbani, Yego alikuwa ameanza kujifunza kwa kutazama video za mabingwa kama Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway kwenye YouTube. Ndiyo maana hadi leo mashabiki humwita "Mr YouTube".

Lisilosimuliwa sana ni kwamba kabla ya ushindi huo alikwenda pia Finland kufanya mazoezi chini ya kocha. Video za wengine zilimwonyesha mkuki unavyorushwa. Ilibaki apate mtu wa kumwonyesha yeye mwenyewe anaurusha vipi.

Funzo hilo linawahusu walimu wa mazoezi ya viungo katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia chekechea hadi sekondari ya msingi. Kutazama video ya mwalimu hodari kunasaidia, lakini kinachombadilisha mwalimu zaidi ni kujitazama mwenyewe akifundisha, akiwa na mwenzake wa kumshauri.

Kwa nini somo hili?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unatambua mazoezi ya viungo na michezo kama sehemu ya masomo, si mapumziko. Hata hivyo, kipindi hiki ndicho huwa cha kwanza kuibwa na Hisabati mitihani inapokaribia. Mara nyingine watoto hupewa mpira na kuachwa wajichezee huku mwalimu akisahihisha madaftari kivulini.

Si kwamba mwalimu ni mvivu. Wengi walisoma somo hili kwa kunakili maelezo darasani, na katika sekondari ya msingi mwalimu aliyesomea Kemia au Biashara anaweza kujikuta ndiye mwenye filimbi.

Wanaopoteza ni watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 afanye mazoezi ya kumtoa jasho kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa wa miaka 3 na 4, linapendekeza shughuli za mwili za dakika 180 kwa siku, 60 kati yake zikiwa za nguvu. Aidha, mtoto anayefundishwa vibaya kubingirika au kutua baada ya kuruka anaweza kuumia shingo au goti.

Mbinu yenyewe

Wazo la kumrekodi mwalimu akifundisha si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakufunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walianza kuwapa walimu tarajali vipindi vifupi mno mbele ya wanafunzi wachache. Kipindi kilirekodiwa, kikatazamwa, kikajadiliwa, kisha mwalimu akakirudia. Wakati huo ilihitajika mitambo mikubwa na ghali. Leo simu ya mfukoni inatosha, na inaweza kupunguza kasi ya picha ili kila hatua ionekane.

Kwa mazoezi ya viungo faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa kosa la mwili hupita haraka kuliko jicho. Kwenye daftari, jawabu lisilo sahihi hubaki limeandikwa. Uwanjani, mguu ulioruka vibaya tayari umeshatua.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Chagua jambo moja tu, kwa mfano kupokezana kijiti au kudaka mpira. Panga kipindi cha dakika 10.
2. Weka simu mahali pasipotikisika, juu ya kiti au kwenye panda ya mwembe, jua likiwa nyuma ya kamera. Ukirekodi mruko, simama ubavuni. Ukimrekodi mwalimu, rudi nyuma hadi kundi zima lionekane. Asubuhi ni bora, kwani jua kali la Pwani huchosha watoto na kuchemsha simu.
3. Tazama mara ya kwanza bila kusema neno. Mara ya pili, hesabu: ni dakika ngapi watoto walikuwa wakisogea, na ngapi walikuwa kwenye foleni wakingoja zamu? Ni wasichana wangapi waligusa mpira? Mtoto mwenye ulemavu alishirikishwa au aliwekwa kando kuokota mipira?
4. Mwenzako aanze kwa kutaja lililofanywa vyema, kisha jambo moja la kurekebisha. Makosa kumi kwa mpigo humvunja mtu moyo.
5. Fundisha tena kipindi kilekile na ulinganishe.

Hatua ya tatu ndiyo huwashangaza wengi. Mwalimu huamini darasa lake lilikimbia kipindi kizima, kumbe watoto 40 walikuwa wakingoja mpira mmoja. Dawa yake mara nyingi haihitaji fedha: kugawa darasa katika makundi madogo, kufuma mipira ya matambara, au kutumia michezo ambayo watoto wanaijua tayari, kama kuruka kamba na kati.

Picha za watoto zina sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na picha yake ni taarifa. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja nchini faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kwa hivyo, omba idhini kwa maandishi na ueleze kuwa video ni ya mafunzo ya mwalimu. Mlenge mwalimu zaidi kuliko watoto. Usiiweke kwenye Facebook, TikTok wala kundi la WhatsApp la wazazi. Ikishajadiliwa, ifute. Mzazi ana haki ya kukataa, na mtoto wake aendelee kucheza nje ya upeo wa kamera bila kutengwa.

Vilevile, video hizi zisigeuzwe kiboko cha kumpima mwalimu kazini. Akihofia kuwa zitapelekwa kwa wakubwa, atarekodi tu kile anachokijua tayari, na hapo hakuna atakachojifunza.

Nani anahusika?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Walimu wa chekechea wanaotaka kuanza vikundi vya kujadili video wazungumze na idara ya elimu ya kaunti. Walimu wengine wapitie kwa mwalimu mkuu na ofisi ya TSC ya kaunti ndogo yao.

Si lazima kungoja vifaa vipya. Walimu wawili wa shule jirani, simu moja, idhini za wazazi na dakika 10 za asubuhi zinatosha kuanzia.