Kabla Hujafuata Ushauri wa Hela Mtandaoni, Upitishe Kwenye Daftari Lako

Ukifungua simu asubuhi, kabla hata hujamjibu mteja wa kwanza, umeshakutana na walimu wa hela watatu. Mmoja anasema weka akiba, mwingine anasema nunua hisa, wa tatu ana "fursa" na anataka umfuate inboksi.

Wapo wanaofundisha vizuri kweli. Wapo wanaoitaka hela yako. Halafu lipo kundi la tatu, na hili linatuumiza bila sisi kujua: wanasema kweli, lakini ni kweli ya mtu wa mshahara. Wewe unauza dagaa na samaki wakavu wa Bagamoyo kwa WhatsApp, mzigo unapanda gari la Makumbusho. Hesabu zenu hazifanani.

MFANO: ILE 50-30-20

Hii umeiona mara nyingi. Nusu ya kipato iende kwenye mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwenye mambo unayoyapenda, asilimia 20 iwe akiba na kulipa madeni. Iliyoitangaza sana ni kazi ya Elizabeth Warren, ambaye sasa ni seneta wa Marekani, na binti yake Amelia Warren Tyagi, kwenye kitabu chao cha 2005. Walikuwa wanaongea na familia za Marekani kuhusu hela inayobaki baada ya kodi kukatwa. Kwa hao inafaa.

Sasa ilete Bagamoyo. Tuseme wiki hii umeuza 600,000. Kununua mzigo ulitumia 450,000. Vifungashio, usafiri, bando na makato ya kutoa hela, 70,000. Faida yako ni 80,000.

Ukiona 600,000 kwenye simu ukaiita kipato, asilimia 20 yake ni 120,000. Umeona? Hiyo "akiba" imeizidi faida yako kwa 40,000. Hiyo 40,000 imetoka kwenye mtaji, na bado hujanunua hata unga wa nyumbani. Wiki ijayo unanunua mzigo wa 410,000 badala ya 450,000. Inayofuata unapungua tena. Baada ya miezi miwili unalalamika biashara ngumu, kumbe unaila mwenyewe kwa jina la akiba.

Asilimia 20 ya faida ni 16,000. Hiyo ndo akiba yako. Inaonekana ndogo, ila ni ya kweli.

Kwa hiyo ukisoma neno "kipato" popote pale, jiulize anamaanisha mauzo au faida. Asipofafanua, chukua faida.

MASWALI MANNE YA KUMPIMA MWALIMU WA HELA

1. Yeye anakula wapi?
Kuuza kozi au kitabu sio dhambi, kila mtu ana biashara yake. Shida inaanza pale anapolipwa kwa sababu wewe umeingiza hela mahali. Hii tumeshaipitia. Watu walipanda "mbegu" DECI wakisubiri kuvuna, mpaka serikali ikasimamisha mchezo 2009. Mwaka 2020 ikaja kesi ya Mr Kuku, ambako watu waliwekeza kwenye ufugaji wa kuku kwa ahadi ya faida kubwa ndani ya miezi michache. Jina linabadilika, mfumo ni uleule: faida kubwa, muda mfupi, na uharaka wa "nafasi zinaisha".

2. Anaandikia nchi gani, na lini?
Wakenya wanaandika vizuri sana mambo ya hela na lugha ni yetu, ila kodi yao ni ya KRA na mifuko yao ni ya kwao. Hapa kwetu, kwenye kodi ya makadirio, anayeuza chini ya milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Yule wetu wa 600,000 kwa wiki anazidi milioni 31 kwa mwaka, kwa hiyo yeye yumo. Viwango hivi vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Posti isiyo na tarehe usiitumie kwenye kodi, nenda TRA ukaulize.

3. Anaonyesha hesabu au anaonyesha gari?
Mwalimu mzuri anakuwekea namba, unazirudia mwenyewe kwa kalkuleta na jibu linatoka lilelile. Mwingine anakuonyesha gari, hoteli na risiti za miamala. Hivyo havikufundishi kitu.

4. Anakupa pa kuhakikisha?
Anayekutajia mkopo akutajie na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Kuna watu walikuwa wanazipigia debe hizo hizo kama "suluhisho la mtaji". Ukiambiwa utapewa 80,000 urudishe 110,000 baada ya siku 14, rudi kwenye daftari: 80,000 yako inaweza kuzaa 30,000 kwa wiki mbili? Yule wa mfano wetu anatumia 520,000 kupata 80,000 kwa wiki. Kwa kasi hiyo, 80,000 inazaa kama 12,000 kwa wiki, 24,000 kwa wiki mbili. Sehemu ya hiyo riba anailipa kutoka mfukoni.

PA KUANZIA KUSOMA

Anza na wenye dhamana. Tovuti ya BoT ina orodha ya wakopeshaji wenye leseni. UTT AMIS, wenye mifuko kama Umoja ulioanza 2005, wanatoa bei ya kipande kila siku ya kazi, unaweza kuifuatilia miezi kadhaa kabla ya kuweka hata shilingi. TRA wana elimu kwa mlipa kodi, tena bure.

Na usidharau ubao wa matangazo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) inakopeshwa kwa vikundi bila riba. Ilisimama 2023, ikarudi 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumuuliza. Huyu hana posti za kuvutia, ila mkopo usio na riba hakuna aplikesheni itakayokupa.

Baada ya hapo chagua waandishi wawili tu, sio kumi, waliofaulu maswali manne. Wafuate mwezi mzima. Kila ushauri wao uandike ukurasa mmoja, pembeni weka namba zako: mauzo, gharama, faida. Unaofaa utauona. Usiofaa pia utauona, tena kabla haujakugharimu.

Na kama daftari huna, leo usimfuate mtu yeyote mpya. Nunua daftari kwanza.

Mtumie na mwenzako wa kikoba asome.