Simu ikikataa kadi ya SIM: tuanzie wapi kabla ya kwenda kwa fundi

Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya lishe na masomo ya watoto, kwa sababu swali moja limetufikia kwenye vikundi zaidi ya mara moja: simu inawaka vizuri, ina chaji, picha zinaonekana, lakini inasema haina kadi. Na kadi iko ndani, mama mwenyewe ameiweka kwa mkono wake. Afanye nini?

Si swali dogo. Simu ikikataa kadi, likirimba inakwama, kwa sababu mchango wa wale walio mbali unapita humo. Pesa za bwana aliye kwenye dhahabu kule Misisi hazifiki. Mtoto aliyebaki Nyarugusu, au ndugu aliyepelekwa Marekani, anapiga na kuambiwa namba haipatikani. Huko aliko anaanza kuwaza mabaya, na tunajua sisi watu wa Fizi tuna sababu ya kuwaza mabaya haraka. Halafu mama anakimbia sokoni, anamkabidhi simu kijana asiyemjua, anarudi jioni na deni. Mara nyingi tatizo lilikuwa vumbi tu.

Kwanza tusome simu yenyewe inasema nini. Simu nyingi hapa kwetu zinazungumza Kifaransa, na mama asiyekijua anadhani maneno yote ni mamoja. Siyo. «Aucune carte SIM» au «Insérer la carte SIM» maana yake simu haioni kadi kabisa, ni kama nyumba yenye kiti kitupu. «Carte SIM bloquée», au ikidai «code PUK», maana yake kadi inaonekana lakini imefungwa. «Appels d'urgence uniquement» maana yake simu inaona mnara lakini haijakubaliwa kuingia. Inaweza kuwa kadi, inaweza kuwa rezo. «Aucun service» mara nyingi ni rezo peke yake. Msome mtoto wa darasa la sita akusaidie, wala si aibu. Mwambie aandike maneno yale kwenye karatasi kama yalivyo, kwa sababu ukifika kwa fundi na kusema "simu imekufa" atatengeneza kitu kingine.

Kama ni rezo, hakuna dawa nyumbani. Muulize jirani anayetumia kampuni ileile, Vodacom kwa Vodacom, Airtel kwa Airtel, Orange kwa Orange. Na yeye hana? Basi mnara umelala, kaeni mngoje. Yeye anayo na wewe huna? Hapo angalia kwanza kama alama ya ndege haikuwashwa juu ya kioo. Hiyo «mode avion» watoto huigusa wakicheza, na inazima rezo yote bila kuomba ruhusa. Na wale mliorudi karibuni kutoka Bujumbura au Tanzania, ingieni kwenye «Paramètres», mtafute mahali pa rezo, mchague «automatique». Simu iliyoachwa ikitafuta kampuni ya ng'ambo haitaiona ya hapa hata ukikaa chini ya mnara.

Sasa tuje kwa simu isiyoona kadi kabisa. Sisi walimu tunafundisha watoto kwamba ukitaka kujua kosa liko wapi, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ndivyo tutakavyofanya. Zima simu. Toa kadi yako, iweke kwenye simu ya rafiki yako inayofanya kazi. Halafu kadi ya rafiki iweke kwenye simu yako. Kadi yako ikisoma kwake, kadi ni nzima na ugonjwa uko kwenye simu yako. Kadi yako ikikataa kwake na ya kwake ikisoma kwako, simu yako haina kosa, usimlipe fundi hata falanga moja, kadi ndiyo imechoka. Zote mbili zikikataa kwako, ni simu. Jaribio hili halichukui dakika kumi, na linamnyima mtu nafasi ya kukudanganya. Kwenye mkutano wa kikundi mnaweza kulifanya mkiwa mmekaa, maana simu ziko nyingi.

Kama simu yako ni ya kadi mbili, kuna jaribio lingine kabla hata ya kumsumbua rafiki: hamisha kadi kutoka tundu la kwanza kwenda la pili. Likisoma la pili, basi tundu la kwanza ndilo lililochoka, na unaweza kuishi na la pili miaka. Lakini angalia: kwenye simu nyingine tundu la pili ni la kugawana, ama kadi ya SIM ama kadi ya picha na muziki, si vyote viwili.

Kwa nini kadi inakataa kusoma? Ile kadi si plastiki tu. Chini ya ile sehemu ya rangi ya dhahabu kuna kompyuta ndogo sana. Kadi za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Ujerumani kwa ajili ya kampuni ya simu ya Finland, na tangu wakati huo namna yake ya kugusana na simu haijabadilika sana: vipande vidogo vya chuma ndani ya simu vinaibonyeza ile dhahabu, umeme unapita, vinazungumza. Chochote kinachoingia katikati kinakata mazungumzo. Na sisi, wamama, simu tunaiweka wapi? Kwenye fundo la kikwembe, au kifuani, pamoja na jasho. Jasho lina chumvi. Ongeza unga wa muhogo, ongeza mafuta ya mawese kwenye vidole, ongeza vumbi la barabara ya taifa namba 5 wakati wa kiangazi. Halafu tunashangaa.

Kusafisha ni hivi. Zima simu, kama ni ya kufunguka nyuma, toa betri. Futa ile dhahabu kwa kitambaa laini na kikavu. Ikiwa ina weusi, chukua kifutio cha penseli cha mtoto, kile cheupe, kisicho cha kufuta wino, sugua polepole bila kukaza, kisha puliza mabaki yote. Unaweza pia kutumia pamba yenye alkoli ya famasia, tone moja tu, uache ikauke. Maji hapana. Petroli hapana. Mate hapana, tumewaona. Ndani ya simu, kwenye vile vyuma, usiingize sindano wala kisu. Vikipinda havirudi, na hapo ndipo simu nzima inageuka kuwa ya kununuliwa upya. Puliza tu kwa mdomo mkavu, au tumia brashi laini.

Simu zisizofunguka zina kidroo cha kadi ubavuni chenye tundu dogo la kusukumia. Klipu ya karatasi iliyonyooshwa inatosha. Hakikisha ni tundu la kidroo chenyewe. Tundu linalofanana nalo upande wa chini mara nyingi ni la sauti, na ukilichoma watu hawatakusikia tena ukipiga. Ukirudisha kadi, ile kona iliyokatwa ifuate kona iliyochorwa kwenye kidroo.

Simu iliyoanguka ziwani tuiseme kwa ufupi: izime mara moja, usiichaji, toa kadi na kila kinachotoka, iache kwenye hewa kivulini siku moja au zaidi. Mchele hausaidii kama watu wanavyosema. Unga wake unaingia ndani, na hata kampuni ya Apple inawakataza wateja wake.

Kuna jambo la mkasi ambalo linatukera. Kadi ziko za ukubwa wa aina tatu: ile ya zamani ya milimita 25 kwa 15, ile ya kati ya 15 kwa 12, na ile ndogo ya 12.3 kwa 8.8. Mama akipata simu mpya na kadi yake ni ya zamani, muuzaji anaikata kwa mkasi hapohapo. Wakati mwingine inafanya kazi. Lakini ile ndogo si fupi tu, ni nyembamba pia: ya zamani ina unene wa milimita 0.76, ndogo 0.67. Kadi ya zamani iliyokatwa inabana kwenye kidroo, au inakwama ndani, au mkasi unagusa ile dhahabu na kadi inakufa baada ya wiki mbili. Kampuni inabadilisha kadi na kukuachia namba yako ileile. Kuna gharama kidogo na safari ya kwenda kwenye ofisi yao, tunajua. Bado ni nafuu kuliko kupoteza namba ambayo watu wote wanaijua. Kuhusu kakaratasi wanachokunja na kuweka nyuma ya kadi ili ibane, hakifai kuwa mazoea. Kinasaidia siku chache, huku kikizidi kuvilaza vile vyuma.

Kama kadi ni safi na bado haionekani, ingia «Paramètres», mahali palipoandikwa «Cartes SIM», uone kama haikuzimwa kwa bahati mbaya. Kuna kitufe cha kuwasha na kuzima kwa kila kadi. Kisha piga *#06#. Simu itaonyesha namba ndefu ya tarakimu 15, ya kadi mbili itaonyesha namba mbili. Ikitoa sifuri tupu, au isipotoa kitu, ugonjwa uko kwenye programu ya simu, na hiyo kweli ni kazi ya fundi. Wengine bado wanatuuliza kama simu imefungwa kwa sababu ya ule ushuru wa RAM. Hapana. Ulianza mwaka 2020 na ulifutwa mwaka 2022.

Simu zinazoletwa kutoka Marekani zinahitaji neno lake. Ndugu zetu waliopelekwa huko wanatutumia simu nzuri kwa moyo mzuri, na zikifika Baraka zinakataa kadi. Sababu ya kwanza: kampuni za huko huuza simu iliyofungwa kwa kampuni yao, na ukiweka kadi yetu inadai code ya kufungulia. Anayeweza kuifungua kwa uhakika ni kampuni iliyoiuza, na mtu wa kuiomba ni yule ndugu aliyeinunua, awe amemaliza kuilipia. Sababu ya pili watu wengi hawaijui: iPhone zinazouzwa Marekani tangu ile ya 14, mwaka 2022, hazina kabisa tundu la kadi. Hakuna fundi wa kukutobolea. Mwambieni ndugu kabla hajanunua: iwe imefunguliwa, na iwe na mahali pa kadi.

Kadi iliyofungwa ni habari tofauti. Ukikosea code PIN mara 3, inadai PUK, namba ya tarakimu 8. Imeandikwa kwenye ile plastiki kubwa ambamo kadi ilitolewa ulipoinunua, ile tuliyowapa watoto wachezee. Usibahatishe: ukikosea PUK mara 10 kadi inakufa moja kwa moja. Iombe kwenye ofisi ya kampuni. Na PIN hii si ile namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Pesa zenu hazikai ndani ya kadi. Zinakaa kwenye hesabu ya namba yenu huko kwenye kampuni, kwa hiyo kadi ikifa pesa zipo. Ukimwachia fundi simu, toa kadi uende nayo, na namba ya siri usimtajie hata akisema ni ya kujaribia.

Lakini ili upewe kadi mpya ya namba ileile, lazima namba iwe yako. Hapa ndipo tumewaona wamama wakilia. Tunamjua mweka hazina mmoja ambaye akiba ya wenzake ilikuwa kwenye simu, kadi ikafa, akaenda na kadi yake ya mpiga kura, akaambiwa namba imeandikishwa kwa jina la mwanaume asiyemjua. Ni yule kijana wa kabini aliyemuuzia kadi ikiwa tayari imewashwa. Alikuwa amehama zamani. Wengine namba ni ya bwana, au ya shemeji, na siku ya ugomvi au ya msiba ndipo inajulikana.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja mkutano ujao, kabla ya kuhesabu michango. Kila mama aseme namba yake iko kwa jina la nani. Asiyejua aende kuuliza kwenye ofisi ya kampuni wakati kadi bado inafanya kazi, simu mkononi, kwa maana kuhamisha jina ukiwa na kadi nzima ni rahisi kuliko kuthibitisha jambo baada ya kadi kufa. Wenye kadi za mpiga kura za mwaka 2023 ambazo wino umefutika, zitafutieni nakala mapema. Ofisi haitakubali plastiki nyeupe. Na mwandishi wa kikundi aziandike namba zote kwenye daftari, kwa bic. Namba zilizohifadhiwa kwenye kadi zinakwenda na kadi.