Anasoma ubao, kitabu kinamshinda: kasoro ya macho inayopita bila kuonekana shuleni

LOKANDU, Maniema – Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anamfahamu mtoto wa namna hii. Ameketi benchi la nyuma, na maneno yaliyoandikwa ubaoni kwa chaki anayasoma bila shida. Akiambiwa afungue kitabu, baada ya mistari michache anaanza kusugua macho, anaruka maneno, anapotea mstari, kisha anageukia kuongea na jirani. Mwisho wa mwaka anaandikiwa kwamba hana bidii.

Huenda bidii anayo. Huenda kinachomshinda ni kuona vitu vya karibu, kasoro ambayo upimaji wa kawaida wa macho shuleni, pale unapofanyika, mara nyingi hauigundui.

Katika mji mdogo kama Lokandu, ulio kando ya mto Lualaba chini ya Kindu, jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, watoto wengi zaidi wameingia darasani. Lakini kuondolewa kwa karo hakumsaidii sana mtoto ambaye herufi za kitabu zinamchezea machoni, na ambaye nyumbani na shuleni anaitwa mvivu.

Jicho linalofanya kazi ya ziada

Ili tuone vizuri, mwanga unaoingia jichoni lazima ukutane juu ya retina, utando ulio nyuma ya jicho. Kwa mtoto mwenye kasoro hii, jicho ni fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, au sehemu yake ya mbele imelala mno. Mwanga unafika kwenye retina kabla haujakutana, na picha inakuwa na ukungu.

Hata hivyo mtoto ana silaha ambayo mtu mzima ameipoteza. Lenzi ya ndani ya jicho lake bado ni laini, na misuli inaweza kuifinya mpaka picha ikae sawa. Kwa vitu vya mbali kazi hiyo ni ndogo, ndiyo maana ubao anauona. Kwa kitabu kilicho kwenye urefu wa mkono inabidi misuli ifanye kazi maradufu, tena kwa saa nzima. Hapo ndipo kichwa kinauma, macho yanachoka na herufi zinaanza kufifia.

Hali hii isichanganywe na ile ya wazee wanaosogeza simu mbali ili wasome ujumbe. Kwa wazee lenzi imekakamaa kwa sababu ya umri. Kwa mtoto, tatizo ni umbo la jicho.

Watoto wengi huzaliwa wakiwa na kiasi kidogo cha kasoro hii, nayo huisha jicho linapokua. Kiasi kidogo hakihitaji miwani. Wasiwasi unaanza pale kasoro inapokuwa kubwa. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha watoto 492 wa miaka 4 na 5. Wale waliokuwa na kasoro ya wastani, kati ya diopta 3 na 6, bila miwani, walipata alama za chini katika majaribio ya maandalizi ya kusoma kuliko wenzao wenye macho ya kawaida, hasa wale ambao kuona kwao kwa karibu kulikuwa tayari kumepungua.

Kuna hatari nyingine. Jicho linapojikaza kuona karibu, huvutwa pia kuelekea puani, na mtoto anaweza kupata makengeza. Ubongo, ukikwepa kuona vitu viwili, unaacha kulisikiliza jicho moja. Jicho hilo huwa vivu, na kadiri mtoto anavyopita umri wa miaka 7 au 8 ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kulirudisha. Kwa watoto wengi wa kundi hili, miwani pekee ikivaliwa mapema hunyoosha macho.

Chati peke yake haitoshi

Upimaji unaojulikana zaidi shuleni ni ule wa chati yenye herufi E iliyogeuzwa pande nne. Mtoto anasimama mbali, anaonyesha kwa mkono E inaelekea wapi. Kipimo hicho ni kizuri kwa mtoto asiyeona mbali. Mwenye kasoro ya kuona karibu anakaza misuli, anajibu yote sawasawa, na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya wazima.

Njia ya kumgundua ni rahisi. Akishamaliza kusoma chati, avalishwe lenzi ya diopta 2 chanya, nguvu ileile inayopatikana kwenye miwani ya kusomea ya wazee inayouzwa sokoni, kisha asome tena mstari wa chini, jicho moja baada ya jingine. Mwenye macho ya kawaida ataona ukungu na kushindwa. Akiendelea kusoma vilevile, maana yake ni kwamba lenzi imemtua mzigo ambao jicho lake lilikuwa likiubeba kimyakimya. Huyo apelekwe kwa mtaalamu. Kumpa karatasi ya herufi ndogo aisome kwenye urefu wa mkono ni nyongeza nyingine inayosaidia.

Kipimo hiki ni chujio tu. Jibu la mwisho linatoka kwa mtaalamu anayetia matone ya kulegeza misuli ya jicho kwa muda, maana bila matone hayo mtoto huficha sehemu ya kasoro yake bila kujua. Kwa sababu hiyo mzazi asikimbilie kumnunulia mtoto miwani ya sokoni. Inafaa kupimia, lakini haikutengenezwa kwa macho yake.

Baada ya kupima, nini?

Kupima ni nusu ya safari, na Afrika Mashariki ina ushahidi wa hilo. Katika kaunti ya Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya, walimu wa shule 50 walifundishwa kupima uwezo wa wanafunzi karibu 21,000 kuona mbali. Nusu ya shule zilitumia programu ya simu, na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kukumbushwa pamoja na picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyoona. Nusu nyingine zilitumia chati na karatasi ya rufaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa katika kundi la kwanza walifika hospitali, dhidi ya asilimia 22 katika kundi la pili.

Dar es Salaam nako, jaribio miongoni mwa wanafunzi wa sekondari, lililochapishwa mwaka 2008, lilionyesha kwamba baada ya miezi mitatu asilimia 47 ya waliopewa miwani bure walikuwa nayo shuleni. Kwa waliopewa karatasi ya vipimo tu, ilikuwa asilimia 26. Hata miwani ya bure, basi, zaidi ya nusu hawakuwa nayo.

Kwa mzazi wa Lokandu kikwazo ni kikubwa zaidi. Mtoto wake haonyeshi dalili ya upofu: anamwona ndege juu ya mti na mtumbwi katikati ya mto. Kumwambia mzazi huyo apande pikipiki au mtumbwi hadi Kindu, akiacha shamba na kutoa nauli, kunahitaji maelezo anayoyaelewa na uhakika kwamba huko atakuta mtu wa kumpima mtoto na miwani ya kumpa.

Maniema haianzi kutoka sifuri. Mkoa huu unaujua upofu wa mto, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Dawa yake, Mectizan, hugawiwa na wanavijiji wenyewe waliopewa mafunzo mafupi, wakitumia fimbo yenye alama kupima urefu wa mtu ili kujua idadi ya vidonge. Ikiwa mwanakijiji anaweza kukadiria dozi kwa fimbo, mwalimu naye anaweza kuchuja macho kwa chati na lenzi moja.

Wakati upimaji wa aina hiyo haujafika, mzazi na mwalimu wanaweza kuangalia dalili: mtoto anayelalamika kichwa kuuma baada ya kusoma lakini siyo siku za mapumziko, anayesugua macho au kufumba jicho moja juu ya kitabu, anayesoma vizuri dakika tano za kwanza kisha akaharibikiwa, au ambaye jicho lake huingia ndani anapotazama kitu cha karibu. Dalili hii ya mwisho haifai kusubiri mwaka ujao wa shule.