Mwanafunzi mwanamichezo asiache mbachao

Wahenga walitunasihi tusiache mbachao kwa msala upitao. Nasaha hiyo yafaa kutafakariwa upya na walimu na wanafunzi wetu, hasa wale waliojaliwa miguu myepesi au vimo virefu, ambao wanavitazama vyuo vikuu vya Marekani kama mahali pa kupatia elimu na riziki kwa pamoja. Vyuo hivyo havifanani tena na vilivyokuwa miaka 10 iliyopita. Na anayetaka kuyaona mabadiliko hayo asiangalie michuano yenyewe. Aangalie miezi ile ambapo msimu umekwisha, viwanja vimefungwa, na kila timu inajipanga upya.

Nchini Marekani, tofauti na kwetu, chuo kikuu ndicho kitalu kikuu cha ligi za kulipwa. Kijana anayetaka kucheza kandanda ya Kimarekani kwa mshahara hupitia chuoni karibu bila budi, na wengi wa wachezaji wa mpira wa kikapu huifuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana msimu unapomalizika, wapenzi wa michezo huko hufuatilia masoko mawili: soko la klabu za kulipwa na soko la vyuo. La kwanza ni kongwe na lina sheria zinazoeleweka. La pili ni changa, nalo ndilo linalotuhusu zaidi.

Katika soko la klabu, utaratibu mmoja mkuu ni ule wa kuwagawana vijana wanaotoka vyuoni. NFL, ambayo ndiyo ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, iliuanzisha mwaka 1936. Timu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kuchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho, ili mnyonge naye apate wa kumwinua. Tangu mwaka 1994 ligi hiyo pia imeweka kikomo cha fedha ambazo kila klabu inaweza kutumia kwa mishahara. Kwa hiyo mtu anayetabiri mwenendo wa klabu fulani msimu ujao ana mambo ya kushika mkononi: nani amesalia na mkataba, wa nani umekwisha, na ni kiasi gani cha fedha kimebaki.

Uhuru wa mchezaji katika soko hilo haukuja bure. Mwezi wa Oktoba 1969, Curt Flood, aliyekuwa ameichezea klabu ya besiboli ya St. Louis Cardinals kwa misimu 12, alipashwa habari kwamba amepelekwa Philadelphia. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Flood alikataa, akasema kwamba yeye si bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa, kisha akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimnyima haki kwa kura 5 dhidi ya 3, na kazi yake ya uchezaji ilikuwa imekwisha. Hata hivyo mbegu aliyoipanda iliota. Mwezi wa Desemba 1975, mpatanishi wa migogoro ya kazi, Peter Seitz, aliamua kwamba wachezaji wawili wa besiboli waliomaliza muda wao walikuwa huru kwenda watakako. Tangu hapo mwanamichezo wa kulipwa amekuwa na ngao mbili: mkataba unaozifunga pande zote, na chama cha wafanyakazi kinachomtetea.

Mwanafunzi wa chuo hakuwa na ngao hizo. Kwa miongo mingi, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilishikilia kwamba mwanafunzi hucheza kwa mapenzi tu na malipo yake ni karo, malazi na chakula. Katika michezo iliyopendwa zaidi, aliyehama chuo alilazimika kukaa msimu mzima bila kushindana. Kamba hizo zilikatika moja baada ya nyingine. Mwezi wa Oktoba 2018 lilifunguliwa daftari la uhamisho, ambamo anayetaka kuondoka huandikwa jina lake na vyuo vingine vyote vikawa huru kumwita. Mwaka 2021 kila mmoja aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Mwezi wa Aprili 2024 idadi ya kuhama ikaondolewa kikomo, mradi masomo yake yawe katika hali inayoridhisha.

Fedha nazo ziliandamana na uhuru huo. Mwezi wa Juni 2021, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba NCAA haina haki ya kuvizuia vyuo kuwapa wanamichezo manufaa zaidi yanayohusiana na elimu. Siku chache baadaye, Julai 1, wanafunzi wakaanza kuruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Kisha Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maafikiano ambayo yaliviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Matokeo yake ni kwamba timu ya chuo huweza kugeuka sura yote kati ya msimu mmoja na mwingine. Chuo Kikuu cha Indiana kilishinda mechi 3 na kushindwa 9 katika kandanda ya Kimarekani mwaka 2023. Akaletwa kocha Curt Cignetti kutoka James Madison, akaandamana na kundi la wachezaji wake wa zamani, na mwaka 2024 timu hiyo hiyo ikashinda mechi 11 na kushindwa 2. Kwa upande mwingine, Florida State haikushindwa hata mara moja katika ratiba ya kawaida ya mwaka 2023. Ilijaza nafasi za walioondoka kwa wahamiaji, watabiri wakaipa daraja la juu, na mwaka 2024 ikaambulia ushindi mara 2 tu katika mechi 12. Kocha mmoja alipata timu na mwingine alipata kundi la wageni. Wageni wenye vipawa hawawi timu kwa sababu tu wamevishwa jezi za rangi moja.

Wapo wanaowalaumu vijana kwa hali hii, wakidai kwamba wamekosa uaminifu na wameingiwa na tamaa. Lawama hizo hazina haki. Makocha wamekuwa wakihama tangu zamani, tena kwa mishahara minono, bila kuambiwa wakae kando msimu mzima. Lincoln Riley alipoondoka Oklahoma mwezi wa Novemba 2021 kwenda Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alikubaliwa mara moja. Mchezaji wake Caleb Williams alimfuata mapema mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka huo akatwaa tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa kandanda ya vyuo. Kama mwalimu ana ruhusa ya kufuata maslahi yake, kwa nini mwanafunzi aitwe msaliti anapofanya vivyo hivyo? Haki ya kuhama ni haki, na aliyeipigania hakukosea.

Hata hivyo, haki ni jambo moja na busara ni jambo jingine. Mchezaji wa kulipwa anapohama hubeba mkataba wake. Mwanafunzi anapohama hubeba masomo yake, na masomo hayabebeki kwa wepesi. Chuo kipya hakilazimiki kuyatambua yote aliyofaulu kwingine. Somo lililohesabiwa kuelekea shahada ya biashara huko atokako huenda lisihesabiwe popote huko aendako. Na sheria za NCAA kwa vyuo vya daraja la kwanza zinamtaka mwanafunzi awe amemaliza asilimia 40 ya mahitaji ya shahada yake kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne na 80 kabla ya wa tano. Anayehama mara tatu katika miaka minne hujikuta akikimbizana na hesabu hiyo, aghalabu kwa kuchagua masomo mepesi yanayokubalika badala ya yale yatakayomfaa maishani.

Na anakimbilia wapi? Kwa hesabu za NCAA yenyewe, katika kila wachezaji 100 wa vyuo wa kandanda ya Kimarekani au wa mpira wa kikapu wa wanaume wanaofikia hatua ya kuchaguliwa, hawafiki 2 wanaochukuliwa na ligi kuu. Hao wengine zaidi ya 98 watahitaji kazi. Mbachao wa mwanafunzi, basi, ni shahada. Timu, kocha na hata fedha za matangazo ni msala upitao.

Aliyetuonyesha njia njema ni Joe Burrow. Alikuwa Ohio State akikosa nafasi ya kucheza. Hakukurupuka. Alimaliza shahada yake mwaka 2018, ndipo akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Mwaka 2019 akashinda tuzo ya Heisman, na Januari 2020 timu yake ikawa bingwa wa taifa. Alihama akiwa na kitu ambacho hakuna kocha angeweza kumnyang'anya.

Sisi Wakenya tuna mifano yetu. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, lakini baadaye maisha yalimtendea kwa ukali na sifa hizo hazikumkinga. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alisoma Marekani hadi kupata shahada ya uzamifu, akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Edward Cheserek alidumu Oregon hadi mwaka 2017 na kutwaa mataji 17 ya vyuo.

Anayekwenda leo ataikuta hali tofauti. Vyuo vilivyojiunga na maafikiano ya mwaka 2025 vimewekewa idadi ya juu ya wanamichezo: 17 katika mbio za nyika na 45 katika riadha. Kocha mwenye nafasi chache huvutiwa na mhamiaji aliyekwisha kujaribiwa kuliko mgeni anayetoka shule ya upili. Sehemu kubwa ya fedha mpya inakwenda kwa kandanda na mpira wa kikapu, wala si kwa wakimbiaji. Isitoshe, mwanafunzi wa kigeni huwa na kibali cha kusoma, nacho hakimruhusu kufanya kazi apendavyo nje ya chuo. Akipokea fedha za matangazo kiholela, huenda akakiponza kibali chenyewe.

Kwa hivyo mwalimu anayeletewa barua ya mwaliko asishangilie tu na mwanafunzi wake. Aketi naye waisome. Msaada wa masomo ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne? Akiumia mguu, nani atamlipia karo? Kocha akihama, ahadi yake itabaki na nani? Masomo gani anaruhusiwa kuchukua, na mazoezi yakigongana na maabara, kipi kitasogezwa? Majibu yawe kwa maandishi, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana akishajibiwa hayo, na aende. Na akiona baadaye kwamba anastahili kuhama, ahame bila kuona haya, maadamu amekwisha kuuliza ni masomo yake mangapi yatakayovuka naye. Uwanja utafungwa siku moja kwa kila mchezaji, na hautafunguliwa tena msimu ujao. Siku hiyo ataulizwa amesomea nini.